KADI YA SAUTI: PIMA KWANZA, NUNUA BAADAYE

Siku hizi kompyuta ya mezani si kitu cha mjini peke yake. Unaweza kuikuta shuleni, katika ofisi ya chama cha ushirika, kanisani, au katika kibanda cha kupiga picha na kuchapa barua. Watu huitumia kuandikia, kuwekea hesabu na kusikilizia nyimbo. Wengine huitumia kunasia sauti: nyimbo za kwaya, mafundisho ya kilimo, na hadithi za wazee wetu.

Lakini wako wanaolalamika juu ya sauti yake. Wimbo unavuma "ngrrr". Ukinasa maneno ya mzee, nyuma yake unasikia "shhh" kama mvua juu ya bati. Hapo mtu huambiwa, "Nunua kadi ya sauti, mambo yatakwisha." Shauri hilo mara nyingine ni zuri. Mara nyingine ni kutupa fedha za jasho.

Leo tutaeleza kadi ya sauti ni kitu gani, lini inafaa kuinunua, na namna ya kuifunga bila kuharibu kompyuta wala kujidhuru.

KADI YA SAUTI NI MKALIMANI

Piga ngoma, kisha weka kiganja chako karibu na ngozi yake. Utasikia ngozi inatikisika. Mtikisiko huo hupita hewani hadi sikioni, nasi tunauita sauti. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitikisiko kuanzia kama 20 hadi kama 20,000 kwa sekunde moja. Mitikisiko michache ni sauti nzito. Mitikisiko mingi ni sauti nyembamba.

Sasa kompyuta haijui mtikisiko. Inajua namba tu. Kwa hiyo anatakiwa mkalimani kati ya masikio yetu na kompyuta. Mkalimani huyo ndiye kadi ya sauti. Ana kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni wakati wa kunasa. Maikrofoni hugeuza sauti ya mtu kuwa umeme mdogo. Kadi huupima umeme huo na kuandika kipimo kwa namba. Kazi ya pili ni wakati wa kusikiliza. Kadi husoma zile namba na kuzigeuza kuwa umeme tena. Umeme huo huenda kwenye spika, na spika hutikisa hewa. Nasi tunasikia.

Fikiri mtu anayepima kina cha mto kwa fimbo yenye alama. Akipima mara moja kwa mwezi, hatajua mto ulipanda na kushuka siku gani. Akipima kila saa, atajua vizuri. Na alama za fimbo zikiwa nyingi, kipimo chake kitakuwa sahihi zaidi.

Kadi ya sauti hufanya hivyo hivyo, ila kwa haraka sana. Sahani za muziki ziitwazo CD zilianza kuuzwa mwaka 1982. Katika sahani hizo sauti imepimwa mara 44,100 kwa kila sekunde moja, kwa fimbo yenye ngazi 65,536. Kwa nini mara nyingi hivyo? Kwa sababu kila mtikisiko hupanda na kushuka. Ili kuufuata vizuri, lazima upimwe zaidi ya mara mbili. Sikio linafika 20,000, basi kipimo lazima kipite 40,000.

TULIKOTOKA

Kompyuta ya IBM iliyotoka mwaka 1981 haikuwa na muziki. Ilikuwa na spika ndogo ya kulia "pii" tu. Mwaka 1987 kampuni ya AdLib ya nchi ya Kanada ilitoa kadi iliyoweza kupiga muziki. Mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapuri ilitoa kadi iitwayo Sound Blaster. Hii ilipiga muziki na pia ilinasa sauti. Mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo alikuwa Sim Wong Hoo, aliyefariki mwaka 2023. Zamani hizo mtu aliyetaka sauti nzuri hakuwa na budi kununua kadi.

Baadaye mambo yakabadilika. Mwaka 1997 kampuni ya Intel ilitoa mwongozo wa kuweka sauti katika ubao mkuu wa kompyuta kwa gharama ndogo. Ubao huo ndio mafundi wetu wanaouita mazabodi. Mwaka 2004 ikatoa mwongozo mwingine ulio bora zaidi. Tangu hapo kompyuta nyingi za mezani huja na sauti ndani yake. Kwa hiyo swali letu leo si "Je, kompyuta ina kadi?" Swali ni "Je, iliyomo inatosha kazi yetu?"

KWA NINI SAUTI INAVUMA?

Wasikilizaji wa redio wanajua jambo moja. Washa mashine ya umeme au taa fulani karibu na redio, na redio hukoroma. Hapo umeme umeingilia kazi ya redio.

Ndani ya sanduku la kompyuta mna vitu vingi vya umeme vilivyobanana: feni, diski, na kifaa cha kugawa umeme ambacho mafundi hukiita pawasaplai. Sehemu ya sauti imekaa katikati yao. Ikiwa haikukingwa vizuri, hupokea kelele zao.

Shida hii ni kubwa zaidi wakati wa kunasa kuliko wakati wa kusikiliza. Umeme unaotoka katika maikrofoni ni mdogo mno. Mara nyingi ni sehemu chache za elfu za volti moja. Lazima ukuzwe mara nyingi ndipo utumike. Sasa ukiukuza, na kelele iliyochanganyika nao inakua. Mchele na mawe vimo katika ungo mmoja.

Na hapa ndipo penye hasara ya kweli. Wimbo unaovuma leo utaweza kuusikiliza tena kesho kwa spika nyingine. Lakini mzee uliyemnasa leo kwa sauti mbovu, pengine mwakani hatakuwapo. Ziko programu za kupunguza kelele baadaye, lakini zikipunguza sana huharibu na maneno yenyewe.

PIMA KWANZA

Kabla ya kutoa hata senti, fanya majaribio haya matano. Hayana gharama.

1. Chomeka spika zako kwenye redio au simu yenye tundu la hedifoni, nazo zikiwa zimewashwa kama kawaida. Zikivuma na huko, kuna shida kwenye spika, waya au umeme wake. Kadi haitakusaidia.

2. Kama hutumia tundu lililo mbele ya kompyuta, hamia tundu la nyuma. Tundu la mbele limeunganishwa kwa waya mrefu unaopita katikati ya vitu vya umeme. Waya huo hubeba kelele. La nyuma liko kwenye ubao mkuu wenyewe. Mara nyingine jambo hili peke yake humaliza shida.

3. Angalia rangi. Katika kompyuta nyingi tundu la kijani ni la spika na hedifoni. La pinki ni la maikrofoni. La buluu ni la kuingizia sauti kutoka redio au mashine nyingine. Ukikosea tundu utapata sauti mbovu, au usipate kabisa.

4. Punguza ukuzaji wa maikrofoni ndani ya kompyuta, kisha msogeze msemaji karibu na maikrofoni, kiasi cha shibiri moja. Sauti ikiwa kubwa pale inapoanzia, haihitaji kukuzwa sana. Zima feni ya chumba na funga dirisha.

5. Vaa hedifoni kwenye tundu la nyuma, usipige wimbo wowote, kisha sogeza kipanya. Ukisikia kelele inabadilika kila unaposogeza kipanya au kufungua kazi mpya, basi kelele inatoka ndani ya sanduku. Hapo kadi ya sauti itafaa.

Jaribu vilevile wimbo mwingine. Wimbo ulionakiliwa vibaya hautatengenezwa na kadi yoyote.

MFANO WA MAZUNGUMZO

Tuseme kikundi cha kijiji kimechanga fedha. Kinataka kunasa historia kutoka kwa wazee. Mwenyekiti anakwenda kwa fundi.

Fundi: Shikamoo mzee.

Mwenyekiti: Marahaba mwanangu. Tumeambiwa tununue kadi ya sauti iliyo kubwa kuliko zote. Fedha tunazo hizi hapa.

Fundi: Ngoja kwanza mzee. Mnataka kufanya kazi gani?

Mwenyekiti: Kunasa wazee wakisema.

Fundi: Mnatumia maikrofoni ya namna gani?

Mwenyekiti: Ile iliyokuja na hedifoni ya simu.

Fundi: Basi shida inaweza kuanzia hapo. Angalia plagi yake mzee. Ina mistari mitatu. Plagi ya simu hubeba sauti ya masikioni na maikrofoni kwa pamoja. Tundu la pinki la kompyuta linataka maikrofoni peke yake. Na kadi kubwa mnayoitaka imetengenezwa zaidi kwa kusikilizia muziki na michezo. Kwa mtu mmoja kusema, kadi ndogo ya nje na maikrofoni nzuri zitawafaa zaidi.

Mwenyekiti: Kumbe! Tungenunua ng'ombe wa maziwa na hali tunataka wa kulima.

Mazungumzo hayo yana fundisho. Usimwambie fundi kitu unachotaka kununua. Mwambie kazi unayotaka kufanya. Na kuuliza si ujinga.

KADI ZIKO AINA MBILI

Aina ya kwanza ni kadi ya ndani. Hufungwa kwenye ubao mkuu, katika nafasi iitwayo PCI Express. Kompyuta za zamani zina nafasi ya aina nyingine iitwayo PCI. Aina hizi mbili haziingiliani, hivyo tazama kwanza kompyuta yako ina ipi. Tena kompyuta nyingi zilizotumika maofisini ni nyembamba. Kadi ya kimo cha kawaida haiingii. Kwa sanduku jembamba tafuta kadi fupi yenye kipande kifupi cha chuma.

Aina ya pili ni kadi ya nje. Hii huchomekwa katika tundu la USB, lile linalotumika kuchomekea flashi. Ziko ndogo kama kidole gumba, na ziko kubwa kama kitabu zenye vifundo na matundu ya maikrofoni za kwaya. Kadi ya nje iko mbali na vitu vya ndani ya sanduku. Haihitaji kufungua kompyuta. Na kompyuta ikifa, unaichomoa na kuitumia katika nyingine.

Kwa vikundi vingi vya vijijini, kadi ya nje ndiyo ya kufikiria kwanza. Ile ndogo kabisa ina bei nafuu, lakini usitegemee makubwa kwake. Huondoa shida ya tundu lililokufa na mara nyingi hupunguza mvumo. Kwa kunasa kwaya, afadhali kununua ile kubwa yenye kikuza sauti kizuri cha maikrofoni.

Jambo moja la kukumbuka: ziko maikrofoni zinazochomekwa moja kwa moja kwenye tundu la USB. Hizo zina kadi yake ndani. Ukiwa na maikrofoni ya namna hiyo, usinunue kadi nyingine kwa ajili ya kunasia.

NAMNA YA KUFUNGA KADI YA NDANI

Kama umeamua kununua kadi ya ndani, fuata hatua hizi. Haraka haraka haina baraka.

1. Zima kompyuta. Chomoa waya wa umeme ukutani. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe.

2. Fungua skrubu za ubavuni kwa bisibisi na uondoe kifuniko. Usifungue kabisa sanduku la pawasaplai. Ndani yake umeme mkali hubaki hata baada ya kuchomoa waya.

3. Gusa chuma cha sanduku kwa mkono. Mwili wako hubeba umeme mdogo usiousikia, na umeme huo unaweza kuua kadi. Chuma kitauondoa.

4. Futa vumbi kwa brashi laini. Tafuta nafasi iliyo wazi. Ondoa kipande cha chuma kilichoziba nyuma yake.

5. Shika kadi kwa kingo zake. Usiguse meno ya rangi ya dhahabu. Iweke wima juu ya nafasi na uikandamize sawasawa mpaka iingie yote. Isipoingia, usiipige wala kuilazimisha. Itoe, tazama tena.

6. Kaza skrubu ya kadi. Baadhi ya kadi huhitaji waya wa umeme kutoka pawasaplai. Soma karatasi iliyokuja nayo.

7. Funga kifuniko, rudisha umeme, washa.

8. Weka draiva, yaani programu inayoifundisha kompyuta kuitambua kadi. Ichukue kwa kampuni iliyotengeneza kadi. Kabla ya kununua, hakikisha kadi ina draiva ya Windows au Linux unayotumia. Kadi ya zamani inaweza kukosa draiva ya kompyuta mpya. Kadi nyingi za USB hutambuliwa bila kuweka kitu.

9. Hamisha plagi ya spika kutoka tundu la zamani kwenda kadi mpya. Watu husahau hili, wakasema kadi ni mbovu.

10. Iambie kompyuta itumie kadi mpya. Katika Windows kuna picha ndogo ya spika kwenye pembe ya chini ya kioo. Hapo chagua kadi mpya. Kwa kunasa, chagua maikrofoni ya kadi mpya pia.

Baada ya hapo nasa dakika moja ya kimya, kisha dakika moja ya mtu akisema. Sikiliza zote mbili kwa hedifoni. Linganisha na uliyonasa kabla. Usimwite mzee mpaka umeridhika.

HATARI: USIKATE ETHI

Iko kelele moja ambayo haitoki kwenye kadi. Ni mvumo mzito usiobadilika, "mmmm", unaokuja ukiunganisha kompyuta na amplifaya. Mara nyingi hutokea kompyuta na amplifaya zikiwa zimechomekwa kwenye soketi zilizo mbali mbali, kila moja na ethi yake. Umeme mdogo huzunguka kati yao kupitia waya wa sauti.

Wako watu wanaokata mguu wa ethi katika plagi ili mvumo uishe. Kweli, mvumo unaweza kwisha. Lakini ethi ndiyo njia ya kukimbiza umeme ukivuja. Bila ethi, chuma cha kompyuta, amplifaya au maikrofoni kinaweza kuwa na umeme, na mwimbaji akakishika. Watu hufa kwa njia hii. Usikate ethi, na usimruhusu mtu akate.

Njia salama ni kuchomeka kompyuta na amplifaya kwenye soketi moja au kwenye waya mmoja wa matundu mengi. Ikishindikana, dukani kuna kifaa kidogo kinachowekwa katikati ya waya wa sauti ili kuzuia mvumo. Mwambie fundi umeme akusaidie.

MAMBO AMBAYO KADI HAIFANYI

Kadi haigeuzi spika mbovu kuwa nzuri. Haisafishi kanda iliyokwisha kunaswa vibaya. Haizibi kelele za watoto, jogoo na mashine ya kusaga. Wala haiongezi mwendo wa kompyuta. Kama spika zako ni dhaifu, tia fedha kwenye spika kwanza. Kama unanasa, tia fedha kwenye maikrofoni na chumba kimya kwanza. Mablanketi yaliyotundikwa ukutani hupunguza mwangwi, nayo tayari tunayo nyumbani.

Kikundi kikinunua, dai stakabadhi na uliza kuhusu kurudisha kadi isipokubali. Andikeni bei na tarehe kwenye daftari la kikundi. Mali bila daftari huisha bila habari.

Ndugu msomaji, vyombo hivi vimeletwa vitutumikie. Tukijua vinavyofanya kazi, hatutauziwa tusichohitaji, na maneno ya wazee wetu yatawafikia wajukuu yakiwa safi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kadi ya sauti ina kazi gani mbili?
2. Kwa nini kelele ni shida kubwa zaidi wakati wa kunasa?
3. Utajuaje kama kelele inatoka kwenye spika au ndani ya kompyuta?
4. Kwa nini ni hatari kukata mguu wa ethi?
5. Katika kijiji chenu ni mzee gani anafaa kunaswa kwanza? Mna vifaa gani tayari?

MANENO YA KUKUMBUKA

Draiva: programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa kilichofungwa.
Ethi: waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme unaovuja.
Kadi ya sauti: kifaa kinachogeuza sauti kuwa namba, na namba kuwa sauti.
Mazabodi: ubao mkuu unaounganisha sehemu zote za kompyuta.
Pawasaplai: kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta.